Mstari Mweupe ni wa Nani?

Katika mpira wa wavu, mpira ukigusa mstari umeingia. Katika mpira wa kikapu, mchezaji akikanyaga mstari ametoka. Mstari wenyewe ni uleule, rangi ya upana wa sentimita tano juu ya sakafu, na haujui kama uko ndani au nje. Wanaoupa maana ni watu waliokubaliana kabla ya filimbi kupulizwa. Wakibadilisha mchezo, maana inageuka bila mtu kugusa brashi.

Nalitaja hili kwa sababu nimekuwa katibu wa kamati ndogo hapa Sumbawanga iliyopewa kazi ya kuchagua sakafu ya ukumbi mmoja na kuchora viwanja juu yake. Kazi hiyo ilipangiwa vikao viwili. Ikala muhula mzima, maana kila tulipotaka kuzungumzia rangi tulijikuta tunazungumzia haki.

Asiyeufahamu mji huu aelewe kwanza kwa nini tunauhitaji ukumbi. Tuko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa chini magharibi na bonde la Ziwa Rukwa mashariki. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo uwanja wa udongo unageuka tope. Kiangazi kikija, upepo wa uwandani unabeba vumbi, na mwezi Juni jioni zina baridi ya kuuma vidole. Hata hivyo watoto wetu wamecheza nje miaka yote. Mistari inachorwa kwa kamba na ncha ya jembe, kisha inamwagiwa majivu au chokaa. Mvua ikinyesha, inafutika. Kesho yake mtu mwingine anaichora upya, labda nusu hatua pembeni, na hakuna anayegombana naye.

Rangi kwenye saruji haina huruma hiyo. Ukishachora, umewaamulia hata watoto ambao leo bado wako darasa la pili.

Tulianza na sakafu. Mfadhili wetu, mzaliwa wa hapa anayefanya biashara Dar es Salaam, alitamani mbao. Alikuwa ameona kwenye televisheni sakafu za kikapu za Marekani zinazong'aa, zilizojengwa kwa mti wa maple, akauliza kwa nini sisi tusitumie mninga wetu. Swali lilikuwa la haki kabisa. Mninga ni mbao inayosifika kwa kutulia, haivimbi wala kusinyaa ovyo kama nyingine. Lakini mbao yoyote inakunywa unyevu wa masika na kuutoa kiangazi. Sakafu ya michezo ya mbao inahitaji kupumua kwa chini, kukingwa na maji yanayovuja kutoka kwenye bati, na kutunzwa na mtu anayejua anachofanya. Juu ya yote, inahitaji kufuli.

Neno hilo la kufuli ndilo lililotukamata. Ukumbi huu si wa michezo peke yake. Humo kuna harusi na sendofu, mitihani, mikutano ya vyama vya ushirika, na mvua ikizidi hata matanga yamewahi kuhamia humo. Msimu wa mavuno, katika mkoa unaoishi kwa mahindi kama Rukwa, kila sakafu ngumu na kavu inatamaniwa na mwenye magunia. Kwenye mbao huwezi kuburuta viti vya plastiki, huwezi kupita na viatu vya visigino virefu, huwezi kushusha sufuria la pilau. Kuchagua mbao kungekuwa kuchagua watu, na wengi wangebaki mlangoni. Kamati ikaamua sakafu ibaki ya saruji, na nilipoandika uamuzi huo kwenye kumbukumbu niliuona ni wa busara.

Ila busara hiyo ilikuwa na gharama. Wataalamu hupima sakafu ya michezo kwa kuangalia inameza kiasi gani cha mshindo mguu unapotua, na wanailinganisha na zege tupu. Zege ndilo sifuri ya kipimo. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 14904 kinataka sakafu ya michezo ya ndani imeze angalau asilimia 25 ya mshindo ambao zege lingeurudisha wote mwilini. Kiwango hichohicho kinataka mpira udunde angalau asilimia 90 ya unavyodunda kwenye zege. Kwa lugha ya kawaida, mpira unalipenda zege kuliko kitu chochote. Goti halilipendi.

Kwa hiyo tuliposema saruji ni ya wote, tulisema nusu tu ya jambo. Faida ilikuwa ya wote. Maumivu yalikuwa ya wanaoruka, na hapa mjini wanaoruka humo ndani ni wasichana wa netiboli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wajumbe tuliokaa kwenye viti tukisifu uimara wa saruji hatukuwahi kutua juu yake kutoka hewani.

Tukamwita nahodha wao, binti wa kidato cha tatu. Alisalimia, "Shikamooni wazee wangu," akaitikiwa, kisha akasimama mikono nyuma kama yuko mbele ya walimu wa zamu. Alisema, "Nje tukidondoka tunachubuka tu. Humu ndani ngozi inabaki nzima, maumivu yanaingia mfupani."

Hakuomba mbao. Aliomba mambo mawili. Mazoezi ya kuruka yafanyike nje kwenye nyasi siku zisizo na mvua, ukumbi ubaki kwa kucheza. Na raba zao zinunuliwe, kwa kuwa wengine walikuwa wanacheza peku. Mjumbe mmoja, mama anayesimamia ukodishaji wa ukumbi, akapendekeza sehemu ya kodi ya kila harusi iende kwenye mfuko wa raba. Sijasikia maelezo ya haki yaliyo wazi kuliko hayo. Kama harusi inafaidi ugumu wa sakafu, na goti la binti linaulipia, basi harusi inamdai nini binti? Haimdai kitu. Yeye ndiye anayeidai.

Hapo nilijifunza kanuni ambayo bado naitumia: kitu cha wote kinapokuwa na gharama, anayelipa kwa mwili asikilizwe kabla ya anayelipa kwa fedha. Mwenye fedha akikosea anapoteza fedha, na fedha hutafutwa tena.

Kisha tukaja kwenye mistari, na huko ndiko fedha ilikotaka kusikilizwa.

Mfadhili alikuwa amejitolea kununua rangi yote. Alitaka uwanja wa kikapu uchorwe kwa rangi nyeupe, usomeke toka mlangoni, na michezo mingine ichorwe kwa rangi hafifu. Hoja yake haikuwa ya kiburi. Alisema kikapu kina njia ya kutoka. Alimtaja Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009, akauliza ni nani kati yetu anajua kama mwingine wa namna hiyo hayuko Laela au Matai akisubiri uwanja. Ukimsikiliza vizuri, unasikia hoja ya zamani sana. Aristotle aliandika kwamba filimbi zikigawiwa, zilizo bora apewe mpigaji bora, si mwenye ukoo wala mwenye sura nzuri, kwa sababu filimbi ipo ili ipigwe vizuri. Rangi bora, basi, iende kwenye mchezo utakaozaa mchezaji bora.

Mimi nakubaliana na Aristotle kuliko mfadhili wetu alivyotarajia. Kama kitu kiende kwa anayekitumia vizuri, tuangalie nani amekuwa akikitumia. Tulikuwa na ushahidi mezani, daftari la funguo. Kila anayechukua ufunguo wa ukumbi anaandika jina, saa na shughuli. Karibu kila ukurasa ulikuwa na neno netiboli, kwa miandiko tofauti, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kikapu kilionekana Jumamosi, tena si kila Jumamosi. Wasichana wale walikuwa wanapiga filimbi bila kuwa na filimbi. Walicheza kwa mistari ya chaki waliyoichora wenyewe kabla ya mazoezi na kuifuta baadaye ili harusi isiikute.

Mjumbe mwingine, kijana aliyesoma sheria, alileta hoja ya John Rawls, yule Mmarekani wa kitabu cha mwaka 1971 kuhusu haki. Jifanye hujui wewe ni nani, alisema. Hujui kama utaamka kesho mvulana wa kikapu au msichana wa netiboli. Ungechora vipi? Zoezi zuri, na lilituliza kelele. Lakini liliishia kwenye jibu la rangi zote kuwa sawa, na hapo mimi nilikataa. Usawa wa rangi ungekuwa dhuluma kwa upande mmoja, na sababu iko ndani ya sheria za michezo yenyewe.

Angalia mchezaji wa kikapu. Wote kumi wanaruhusiwa kwenda popote uwanjani. Mstari wa pembeni unawahusu, wa pointi tatu unawahusu, lakini hakuna anayekatazwa eneo kwa sababu ya jina la nafasi yake. Netiboli si hivyo. Uwanja umekatwa theluthi tatu, na kila mchezaji kati ya saba amevaa herufi zinazosema aishi wapi. Mlinda goli haruhusiwi kutoka theluthi yake. Mchezaji wa kati anakwenda kote isipokuwa ndani ya nusu duara mbili za kufungia. Mguu ukivuka mahali pasipo pake, filimbi inalia na mpira unakwenda kwa wapinzani. Msichana anayekimbia huku macho yako hewani anatakiwa kuuona mstari kwa pembe ya jicho, katikati ya mistari mingine yote, ndani ya nusu sekunde. Kwa mvulana wa kikapu, mstari hafifu ni kero. Kwa msichana wa netiboli, mstari hafifu ni kosa analoadhibiwa.

Kwa hiyo nikasema kikaoni, na nasema hapa: rangi inayoonekana zaidi iende kwa yule ambaye mstari una mamlaka makubwa zaidi juu yake. Wingi wa watu ulikuwa upande wangu siku hiyo, lakini sitaki kuutegemea, kwani siku nyingine wingi utakuwa kwingine. Fedha nayo huja na kuondoka. Kama sheria inakubana kuliko inavyomбana mwenzako, una haki ya kuisoma vizuri kuliko yeye. Nadhani hilo ni kweli hata nje ya ukumbi. Mama wa sokoni anayeweza kunyang'anywa meza kwa kuvuka alama ya barabara anastahili alama iliyo wazi kuliko mwenye gari anayepita.

Mfadhili alikaa kimya kidogo, akasema, "Sawa Mwalimu, lakini kiwanja chenu hakienei."

Alikuwa sahihi. Ukumbi una urefu wa mita 33 na upana wa mita 18. Uwanja wa kikapu, mita 28 kwa 15, unaingia na kuacha mita mbili na nusu kila mwisho. Netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Kila mwisho inabaki mita moja na robo, kisha ukuta wa matofali. Na nguzo ya goli imesimama palepale kwenye mstari wa mwisho, mahali ambapo wachezaji wanaruka na kutua wakirudi nyuma.

Pendekezo likatoka haraka: netiboli itumie mipaka ya kikapu. Rangi itapungua, wasichana watakuwa salama, kila mtu ataridhika. Neno salama lilirudiwa mara nyingi. Nikagundua hakuna aliyelitumia kwa wavulana, ingawa kanuni za kikapu zinataka mita mbili wazi kuzunguka uwanja wote, na pembeni mwa uwanja wao ilibaki moja na nusu tu.

Kuna historia hapa. Kikapu kilibuniwa na James Naismith huko Springfield, Marekani, Desemba 1891, kwa ajili ya vijana waliofungiwa ndani na baridi. Mwaka uliofuata Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi katika Chuo cha Smith, aliuchukua mchezo huo kwa wanafunzi wake wa kike akaukata uwanja sehemu tatu na kumzuia kila mchezaji ndani ya sehemu yake, ili wasichana wasikimbie kupita kiasi. Netiboli, iliyokulia Uingereza kutoka mchezo huohuo, ina theluthi tatu hadi leo. Mistari ya kumlinda mwanamke asichoke ina umri mkubwa, na imechorwa na watu wema. Wanawake waliocheza ndani yake waliigeuza kuwa ufundi: pasi za haraka, macho ya kujua mwenzako yuko wapi bila kumtazama. Sasa sisi tulitaka kuifupisha tena, kwa wema uleule.

Nahodha aliitwa mara ya pili. Alisikiliza, akahesabu kwa vidole. Kila theluthi ingepungua kutoka mita 10.17 hadi 9.33. "Mwalimu," alinitazama, "mkono unazoea umbali. Tukizoea huu, tukienda UMISSETA pasi zetu zote zitakuwa fupi." Kisha akawageukia wazee: "Sisi hatukuomba uwanja upungue. Kama kuna kitu cha kusogea, usogee ukuta."

Watu walicheka, naye akacheka. Ila tulibaki na swali gumu. Binti wa miaka kumi na saba anasema anakubali hatari ya ukuta. Je, kumheshimu ni kumwachia? Wapo waliosema mtoto hajui thamani ya goti lake. Ni kweli kwamba umri wake unatupa sisi wajibu. Lakini wajibu wa kumlinda una njia zaidi ya moja, na ile inayotugharimu sisi ije kabla ya ile inayomgharimu yeye. Kufupisha uwanja kulikuwa rahisi kwetu, gharama yote ingekuwa yake. Kuufunika ukuta kungekuwa na gharama kwetu. Tulifunika ukuta. Magodoro ya zamani yalishonewa turubai na kufungwa kwa kamba kwenye vyuma nyuma ya magoli yote mawili, hadi urefu wa mtu mzima. Si mazuri kuangalia, na maharusi hulalamika yanaharibu picha. Huwa tunayafunika kwa vitenge.

Kuchora kulifanywa na fundi mzee wa ujenzi. Jioni ya kwanza alibandika kipande cha nailoni sakafuni, pembe zote zikafungwa kwa gundi ya karatasi, akakiacha mpaka kesho. Kama chini kungekuwa na matone ya maji, saruji ingekuwa bado inavuta unyevu kutoka ardhini, na rangi ingebanduka kama ganda la kitunguu. Kulikuwa kukavu. Pembe alizipima kwa tatu, nne, tano, kama anavyopima misingi ya nyumba, kisha tukavuta kamba kutoka kona hadi kona: mita 34.1 huku na 34.1 kule. Zikilingana, uwanja hauna upogo.

Niliporejea na rangi ya buluu ya kikapu, aliniuliza mistari ikikutana afanyeje. Kawaida ya kazi hii ni kwamba mstari wenye kipaumbele unapita mzima, na ule mwingine unakatwa kidogo kila unapokutana nao, kisha unaendelea ng'ambo. Nilisimama nikautazama ule wa buluu uliokatika. Jicho linaunganisha lenyewe. Wavulana wanacheza hadi leo na sijawasikia wakiulizana mpaka wao uko wapi. Kumpisha mwenzako hakukufanyi upotee, mradi upande wa pili ukute njia yako inaendelea.

Baada ya kuchora ndipo ilipoanza kazi isiyo na kikao. Bibi yangu alikuwa na sakafu ya udongo, na kila alipoona nyufa aliisiriba kwa mikono. Hakuiita sakafu iliyoharibika, hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kuwa na sakafu. Mashamba yetu ya Ufipa yanafuata mantiki hiyohiyo. Kwenye matuta ya intumba nyasi zinafukiwa zioze, zilishe mazao ya msimu unaofuata, kisha tuta linabomolewa na kazi inaanza upya. Saruji inatudanganya kwamba tumemaliza. Vumbi letu likiletwa na viatu linafanya kazi kama msasa: kila hatua inakwangua rangi. Ukumbi unataka fagio kabla ya mchezo, kitambaa chenye unyevu baada ya mchezo, na gunia la kufutia miguu mlangoni. Mwanzoni fagio lilikwenda lenyewe mikononi mwa wasichana, na hakuna aliyeamuru. Tukabandika zamu ukutani, wavulana wiki moja, wasichana wiki moja. Kuchagua kwa haki kunachukua siku moja. Kama anayefagia ni yuleyule siku zote, hesabu ya haki hiyo haijafungwa.

Sasa kuna barua mpya mezani. Timu ya mpira wa wavu inaomba uwanja wake, mita 18 kwa 9. Ukichorwa katikati ya ukumbi, utakatiza theluthi ya kati ya netiboli yote, na rangi ya tatu itaongeza vurugu pale ambapo msichana anahitaji kuona haraka. Nahodha wa zamani amemaliza shule. Aliyempokea amekuja na jibu fupi: sakafu imejaa.

Namwelewa. Anatetea kitu kilichopatikana kwa shida. Lakini anasema neno lilelile ambalo wenzake waliambiwa. Na wachezaji wa wavu wanaruka kuliko mtu yeyote, juu ya zege lilelile, kwa hiyo kanuni ya mwili inawahusu kabla haijanihusu mimi. Kikao ni wiki ijayo. Nitapendekeza rangi ya njano, ikatwe kila inapokutana na nyeupe na ya buluu, na nitaomba manahodha wote watatu wasimame sakafuni, mipira ikiwa hewani, waniambie wanaona nini kabla fundi hajafungua kopo.